Mzee wa Zeze Si Kachumbari

Kila baada ya miezi michache tangazo lile lile linaingia kwenye simu zetu huku Buhigwe. Msanii fulani, "mtoto wa Kigoma", ameamua kurudi kwenye mizizi na sasa yuko studio na wazee wa ngoma za asili. Picha zipo. Mzee amevaa shati lake la kanisani, kashika zeze, na msanii kamwekea mkono begani kama mtu aliyemwokota barabarani. Wimbo ukitoka tunausikiliza. Zeze linalia sekunde kumi mwanzoni, linapotea, linarudi sekunde tano kabla ya kiitikio cha mwisho. Katikati ni kinanda cha kompyuta na mapenzi ya Dar es Salaam. Jina la mzee halipo kwenye kichwa cha wimbo wala kwenye maelezo, na ukiuliza unaambiwa yeye ni "wazee wetu".

Huo ndio ninaouita ushirikiano wa kachumbari. Pilau ni ya mwingine, sisi tumewekwa pembeni ya sahani ili chakula kipendeze.

Kuna watakaosema naona wivu. Semeni. Hoja yangu ni kwamba mwanamuziki wa asili aliyepiga miaka arobaini ni mwanamuziki kamili, na anayetaka kushirikiana naye amkute kama mwenzake wa kazi: jina lake liwe mbele, beti zake mwenyewe ziwemo, na mkataba wake ausainiwe kabla mashine haijawashwa. Pasipo hayo matatu, neno ushirikiano litolewe kwenye tangazo. Liandikwe "nimeokota mlio".

Jambo hili lina historia, na sehemu moja ya historia hiyo iko hapa mpakani, mwendo mfupi tu kutoka Manyovu.

Mwaka 1967 wapiga ngoma wa Burundi walirekodiwa, na rekodi ikatolewa Paris na lebo ya Ocora mwaka uliofuata. Ngoma zenyewe mnazijua, maana zetu na zao ni ndugu kama Kiha na Kirundi kilivyo ndugu: wanaume wamejipanga nusu duara, ngoma moja katikati inaongoza, nyingine zinaitikia, na anayeongoza anaruka juu kabla fimbo haijashuka. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Ufaransa, Michel Bernholc, akachukua mlio ule ule, akaweka gitaa na piano juu yake, akauza santuri iitwayo Burundi Black chini ya jina la kubuni, Burundi Steiphenson Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell akaitumia rekodi hiyo ya ngoma kwenye wimbo wake The Jungle Line. Halafu ukaja wakati wa panki. Malcolm McLaren, yule aliyekuwa meneja wa Sex Pistols, alimsikilizisha Adam Ant mdundo wa Burundi. Adam akaweka wapiga ngoma wawili kwenye bendi na mwaka 1980 akatoa Kings of the Wild Frontier, albamu iliyotikisa Uingereza. McLaren naye akawachukua wanamuziki wengine wa bendi hiyo akaunda Bow Wow Wow, kwa mdundo ule ule.

Sasa niambieni. Vijana waliopasua nguo zao wakidai wanapinga ukubwa na unyonyaji, walipata utajiri kwa ngoma za watu wa milimani ambao majina yao hayakuandikwa kwenye santuri hata moja kati ya hizo zilizouzwa. Wanaume wale walipiga mchana mmoja, mtu akafunga mashine akaondoka, na mkono wao ukaendelea kufanya kazi Paris, London na California kwa miaka kumi na tatu. Huyu wa kwetu mwenye sekunde kumi za zeze hakugundua kitu kipya, bwana. Anafuata njia iliyokwishachongwa.

Lakini panki hiyo hiyo ina mfano mwingine, na huu nauleta kwa sababu unanifaa na kwa sababu ni mzuri mno kuachwa. Mwaka 1982 ilianzishwa London bendi ya The Pogues, vijana wenye asili ya Ireland na wenzao Waingereza, waliochukua nyimbo za kilabuni za mababu wa Ireland na kuzipiga kwa mbio na hasira za panki. Wengine waliona ni matusi kwa wazee. Mwaka 1987, walipotaka kuimba The Irish Rover, hawakwenda kuokota mlio. Waliwaita The Dubliners, bendi ya wazee iliyokuwa kazini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Majina ya bendi zote mbili yaliandikwa kwenye santuri. Ronnie Drew, mzee mwenye ndevu na sauti kama mawe yanayosagwa, aliimba beti zake, na Shane MacGowan wa Pogues akaimba za kwake. Walipokezana. Wimbo ulifika nafasi ya nane Uingereza na ya kwanza Ireland. Mzee hakuwekwa mwanzoni kama mlio wa kufungulia mlango. Aliingia, akakaa, akala.

Hebu tafuteni wimbo wa Kigoma wa miaka hii ambao mzee ameimba ubeti mzima kwa Kiha, jina lake likiwa kichwani. Mimi nimetafuta.

Msije mkadhani Tanzania haina mfano wake. Tunao, na ni mkubwa. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyehamia Bagamoyo, alipiga ilimba na zeze mpaka dunia ikasimama. Mwaka 1996 lebo ya Real World ya Peter Gabriel ilitoa albamu yake Chibite, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akatoa Assembly na Michael Brook, mpiga gitaa na prodyuza kutoka Canada. Nimeisikiliza Assembly mara nyingi kuliko inavyofaa kiafya. Si kila kitu kimekaa sawa mle. Kuna mahali vyombo vya Brook vinajaa kama ukungu wa asubuhi huku kwetu, unabaki unamtafuta mzee. Lakini sikilizeni nani anaongoza. Ilimba ndiyo inayoamua wimbo uende wapi, na mgeni anafuata. Jina la Zawose limetangulia kwenye kava. Na hakulazimishwa kuacha Kigogo.

Hapo pia kuna la kusema, maana Wazungu si malaika na mimi si wakala wao. Kwa miaka yote hiyo wanawake wa ukoo wa Zawose walikuwa nyuma wakiitikia. Ilibidi ifike mwaka 2024 ndipo Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, watoe albamu yao wenyewe, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens, wakishika vyombo na kuongoza sauti. Hukwe alifariki Desemba 2003. Zaidi ya miaka ishirini! Kwa hiyo tunapodai majina ya wazee yaandikwe, tusiwasahau mabibi wanaopiga vigelegele na makofi kwenye harusi za Munanila na Muyama. Nao ni wanamuziki, na wengi wao ndio wenye nyimbo.

Turudi nyumbani, maana huko ndiko ninakotaka kugombana.

Hoja ya kwanza ninayotupiwa ni lugha. Eti Kiha hakiuziki, msikilizaji wa Dar hataelewa. Ndugu zangu, mmemsahau Saida Karoli? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dada yule wa Kagera, jirani zetu kabisa, alitoa nyimbo za Kihaya kwa ngoma na sauti nyembamba kama uzi, na nchi nzima ikacheza. Mchaga alicheza, Mmakonde alicheza, na watu wa Pwani wasiojua neno la Kihaya walikuwa wanabwabwaja maneno yao wenyewe kwenye daladala. Hakuna aliyeomba tafsiri. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakachukua wimbo wake wa Maria Salome wakatengeneza Salome, ukasambaa Afrika nzima. Mwaka uliofuata Saida akarudi na Orugambo, na vijana waliokuwa hawajazaliwa au walikuwa wananyonya alipotamba wakamjua. Sasa chukueni somo lote, msichukue nusu. Nusu mnayoipenda ni kwamba nyota akigusa wimbo wa asili unafufuka. Nusu nyingine ni kwamba kabla ya nyota kuna mtu alirekodi albamu nzima kwa lugha yake, kwa jina lake, na ikauzwa. Kama isingekuwepo hiyo, pangekuwa na nini cha kufufua?

Tena Kiha kina soko ambalo hata Kihaya hakina. Ukivuka Manyovu unaingia Mugina, na huko watu milioni kadhaa wanazungumza Kirundi ambacho Muha anakisikia bila mkalimani. Wimbo wa Buhigwe unaweza kulala Bujumbura bila pasipoti. Wafanyabiashara wa maharage na tangawizi walilijua hilo zamani. Watu wa muziki bado wanaangalia upande wa reli tu.

Hoja ya pili: "Kigoma tumeshatangazwa." Kweli, tumetangazwa. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walikusanywa wakaimba Leka Dutigite kwa jina la Kigoma All Stars, mradi uliosukumwa na Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini. Nilifurahi kama kila mtu. Kuona watu wanajivuna kwa kutoka Kigoma, mkoa ambao watu wake walikuwa wakitaniwa na kudharauliwa tangu enzi za manamba walipopelekwa kukata mkonge Tanga, halikuwa jambo dogo. Lakini ulizeni leo watu wanakumbuka Kiha gani kutoka kwenye wimbo ule. Watakutajia maneno mawili, nayo ni ya kwenye kichwa cha habari. Mwishoni mwa 2019 Diamond alipanda treni kutoka Dar kuja kufanya shoo Kigoma mjini kuadhimisha miaka kumi ya kazi yake. Vituo vyote njiani vilijaa watu. Safari nzuri, na reli ile imebeba jasho letu kwa zaidi ya karne moja, ilistahili kubeba furaha pia. Ila kutoka stesheni ya Kigoma hadi huku milimani ambako ngoma zinapigwa bado kuna barabara, na kwenye muziki hiyo barabara haijachongwa.

Hoja ya tatu ndiyo ya kitaalamu, na hii naiheshimu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Maprodyuza wanasema: wazee hawafuati biti, na zeze halikubaliani na kinanda. Ni kweli. Zeze la mzee linakazwa kufuata koo lake mwenyewe. Asubuhi yenye baridi, na huku Buhigwe baridi tunayo, anakaza tofauti na mchana. Akianza polepole anamaliza kwa kasi, kwa sababu wachezaji wamepata moto. Prodyuza anayefanya kazi kwa saa ya kompyuta, kila pigo mahali pake, anaona huo ni uharibifu. Anafanya nini? Anamwambia mzee apige dakika tatu, anachagua pigo nane zilizokaa vizuri, anazikata, anazivuta sauti mpaka zikubaliane na kinanda, anazirudia. Mzee alikuja na hadithi ya kufa kwa ng'ombe, ya mtoto aliyekwenda manamba asirudi, ya bibi arusi mkaidi. Ametoka na pigo nane.

Lakini nani kasema kinanda ndicho kisichosogea? Kinanda cha kompyuta unaweza kukipandisha na kukishusha kwa kidole kimoja. Zeze ndilo gumu. Mwenye chombo chepesi ndiye amfuate mwenye kizito. Brook alimfuata Zawose. Msafiri, mtoto wa Zawose, alipotoa Uhamiaji mwaka 2017 na prodyuza wa Uingereza, vyombo vya umeme vilijengwa kuzunguka nyimbo zake. Na kabla ya hao wote, watoto wa Dar wenyewe walikwishalimaliza swali hili bila msaada wa mtu. Mchiriku! Kinanda kidogo cha Casio, ngoma za Kizaramo, spika za honi, kelele, kasi, matatizo ya mtaani. Jagwa Music wameanza mwaka 1992, na redio zetu ziliwaona wahuni. Mwaka 2012 lebo ya Crammed ya Ubelgiji ikatoa albamu yao Bongo Hotheads na wakazunguka majukwaa ya Ulaya. Kama kuna panki ya asili nchi hii, ndiyo hiyo: vifaa vichache, ngoma ya babu, na mdomo usioomba ruhusa. Casio yao haikuilazimisha ngoma inyooke. Iliilewesha.

Kwa hiyo ugumu upo, lakini ni ugumu wa mtu asiyetaka kukaa siku tatu kijijini kusikiliza.

Na sheria? Sheria tunayo, jamani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi. Inasema anayetaka kuzitumia kibiashara, nje ya mazingira yake ya kimila, aombe kibali Baraza la Sanaa, na inataka jamii na mahali zilikotoka patajwe. Soma tena: patajwe. Kuandika "ngoma ya Waha wa Buhigwe" chini ya video hakugharimu hata vocha. Ugumu uko kwingine, na wazee wengi hawajaambiwa. Sheria inamlinda kirahisi mwenye rekodi na mwenye wimbo uliosajiliwa. Mzee akiimba wimbo alioutunga mwenyewe mwaka aliooa, lakini hakuna anayejua ni wake, unaingia kwenye kapu la "asili", yaani wa wote, yaani wa atakayewahi. Anayeenda Cosota na faili la kompyuta ndiye anayeonekana mtunzi. Mirabaha ikigawiwa, mzee hayumo kwenye orodha, wala hajui kuna orodha.

Nimeona malipo yenyewe. Mzee mmoja wa huku, jina lake nalihifadhi, alichukuliwa siku nzima kwa ajili ya video. Alipewa elfu ishirini, soda na nauli ya bodaboda ya kwenda tu. Kurudi alitembea, zeze begani. Nilipomuuliza kama amesaini kitu akacheka: "Mwanangu, mimi nilidhani tunacheza."

Wapo watakaoniambia basi tufanye kama Burundi, serikali ishike ngoma. Hapana. Unesco iliiweka ngoma yao ya kifalme kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, na Oktoba 2017 Rais Nkurunziza akasaini amri: wanawake wasipige, na atakayezitaka kwenye sherehe yake aombe kibali na alipie. Wakati huo huo Warundi waliokuwa wamekimbia tangu 2015 walikuwa wakipiga ngoma zile zile kambini Nyarugusu na Nduta, bila kumwomba mtu. Ngoma ikifungiwa ikulu inakufa kwa heshima, na ikiachwa kila mwenye studio aikate, inakufa kwa vipande. Hapa kwetu bado watu wanaipiga kwa sababu wanaihitaji kuoa, kuzika na kuvuna, na hao ndio wanaopaswa kukaa mezani wakati wa kupanga bei.

Kahawa ya milima hii tulipambana mpaka ikauzwa kwa jina letu kupitia ushirika wetu. Zamani iliondoka ikiwa haina kwao. Sioni kwa nini muziki usipite njia hiyo. Wazee kumi wa zeze, wapiga ngoma, na mabibi wenye nyimbo wanaweza kuunda kikundi, kikasajiliwa Baraza la Sanaa, wakarekodi kila mtu nyimbo zake nzima bila kinanda cha mtu, wakaziandikisha Cosota kwa majina yao matatu matatu kama kwenye kitambulisho cha taifa. Baada ya hapo nyota yeyote anakaribishwa. Akitaka kipande, ananunua kipande. Akitaka ubeti, anamwita mwenye ubeti na wanapokezana.

Halmashauri ina ofisa utamaduni. Shule zina walimu wenye simu zinazorekodi vizuri kuliko ile mashine ya 1967. Vijana wa Kasulu wana studio, na wengine wanajua kazi kweli kweli, wanashinda wanatengeneza nyimbo zinazofanana na za Dar ambazo Dar haizihitaji. Mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote ninaowajua, anayecheza nyimbo ambazo wanawe hawazijui, ana miaka themanini na kitu na kifua kinambana msimu wa mvua. Mvua zinaanza Oktoba.